'Ametulia' si habari njema kila mara: Lugha na fahamu za mgonjwa wa ICU

KATIKA Kiswahili, kutulia ni sifa. Mtoto mtulivu husifiwa, bahari ikitulia wavuvi huingia majini, na mtu akitaka kumwondolea mwenzake wasiwasi humwambia, "Tulia." Ndiyo maana jamaa za mgonjwa wakipigiwa simu kutoka hospitalini na kuambiwa, "Mzee ameanza kutolewa kwenye mashine, na ametulia," hushusha pumzi, humshukuru Mungu, kisha huendelea na shughuli zao. Kumbe wakati mwingine neno hilo hilo limefunika tatizo linalohatarisha maisha ya mzee wao.

Tatizo lenyewe madaktari huliita deliriamu. Ni hali ya fahamu za mgonjwa kuvurugika ghafla, katika muda wa saa au siku chache, kwa sababu ya ugonjwa, dawa au mazingira ya matibabu. Makala haya yanalitazama kwa jicho la lugha, na kwa sababu mbili. Kwanza, maneno tunayoyakimbilia kulielezea humwona mgonjwa anayepiga kelele na kumsahau anayenyamaza. Pili, kipimo kinachotumiwa kulitambua hakina sindano wala eksirei. Ni maswali na maagizo, yaani ni kipimo cha lugha. Mgonjwa akiulizwa kwa lugha asiyoimudu, jibu lake laweza kumponza.

Chukua mfano wa Isiolo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti hiyo. Humo wamo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo, na sokoni mjini utasikia lugha zao zote kabla hujamaliza kununua kilo ya sukari. Kiswahili ndicho daraja lao. Lakini daraja hilo si pana sawa kwa kila mtu. Kijana wa bodaboda hulivuka akikimbia. Bibi aliyeishi Merti au Garba Tulla miaka yote huenda analo la kununulia na kusalimia tu. Sasa mpeleke bibi huyo katika chumba cha wagonjwa mahututi, umtie mrija kooni, kisha umuulize maswali.

Fauka ya hayo, vyumba hivyo si vingi nchini. Corona ilipoingia Kenya mnamo Machi 2020, watafiti walihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kusaidia kupumua kote nchini, na kaunti zenye angalau chumba kimoja cha aina hiyo zilikuwa 22 kati ya 47. Vifaa viliongezwa baadaye, ila bado ni jambo la kawaida mgonjwa mahututi kutoka kaskazini kusafirishwa mbali, akahudumiwa na watu wasiojua hata neno moja la lugha yake.

Tuanze na mashine yenyewe, ambayo hapa tutaiita kipumulio. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamelemewa, iwe kwa nimonia, ajali au sumu ya maambukizi iliyoenea mwilini, huingizwa mrija kupitia mdomoni hadi kwenye koo la hewa, na kipumulio kikasukuma hewa kwa niaba yake. Ili aweze kuuvumilia mrija huo, hupewa dawa za maumivu na za usingizi. Hawezi kuzungumza, kwa kuwa mrija umepita katikati ya nyuzi za sauti. Siku zikipita na mapafu yakipata nafuu, kazi ya kumwachisha mashine huanza.

Kiswahili kina kitenzi kizuri kinachofaa hapa: kulikiza. Kumlikiza mtoto ni kumwachisha kunyonya, na ndiko lilikotoka neno likizo. Mama hamlikizi mwanawe kwa siku moja, na daktari vilevile hamwachishi mgonjwa kipumulio kwa mpigo. Asubuhi dawa za usingizi husimamishwa au hupunguzwa ili aamke. Kisha mashine hupunguziwa kazi, mgonjwa akaachwa avute pumzi kwa nguvu zake kwa muda wa nusu saa hadi saa mbili. Akifaulu, akaweza kukohoa na kulinda njia yake ya hewa, mrija hutolewa. Mnamo 2008, utafiti uliofanyiwa wagonjwa 336 nchini Marekani ulionyesha kuwa kuunganisha mambo haya mawili, kuamshwa na kujaribiwa kupumua, kuliwatoa wagonjwa kwenye mashine mapema zaidi na kupunguza vifo katika mwaka uliofuata.

Hapo anapoamshwa ndipo deliriamu hujidhihirisha. Dawa zinapungua mwilini, lakini fahamu hazirudi zikiwa zimepangika. Mgonjwa hajui yuko wapi wala ni saa ngapi. Taa haizimwi, kengele za mashine hazikomi, usingizi wake umekatwakatwa, na sura zote zilizomzunguka zimefunikwa barakoa. Ubongo uliokwisha kuchoshwa na homa, maambukizi, upungufu wa oksijeni au dawa zenyewe hushindwa kuunganisha mambo. Akiwa mtu wa kuhangaika, huweza kung'oa mrija kwa mkono wake mwenyewe. Akiwa mtu wa kunyamaza, hawezi kufuata maagizo ya kukohoa na kuvuta pumzi, na siku za mashine zikaongezeka.

Alama kuu ya deliriamu ni kupotea kwa umakini. Mgonjwa hawezi kulishika jambo moja akilini na kulifuata hadi mwisho. Hali hiyo hupanda na kushuka: asubuhi anamtambua mwanawe, jioni hamtambui. Nayo huja kwa sura tatu. Kuna ya fujo, ambapo mgonjwa hurusha mikono, hutaka kushuka kitandani, huona wadudu ukutani. Kuna ya ukimya, ambapo hulala akitazama dari, hajibu au hujibu kwa kuchelewa, halalamiki na hasumbui mtu. Na kuna inayochanganya zote mbili. Ile ya fujo mtupu ndiyo adimu kuliko zote katika ICU. Mbili zile nyingine ndizo nyingi.

Je, ni jambo kubwa kiasi hicho? Naam. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville uliochapishwa 2004, wagonjwa 183 kati ya 224 waliokuwa kwenye vipumulio walipata deliriamu wakati mmoja au mwingine. Ndani ya miezi sita, asilimia 34 ya walioipata walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 15 ya wasioipata. Utafiti mwingine wa 2013 uliwafuata wagonjwa 821 wa ICU. Mwaka mmoja baadaye, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa mtu aliyeanza kuugua Alzheimer, na kadiri deliriamu ilivyodumu siku nyingi ndivyo alama zao zilivyokuwa duni. Takwimu hizi hazisemi kwamba deliriamu peke yake ndiyo iliyowaua. Zinasema kwamba ni kengele, na kengele isiyosikika haimwokoi mtu.

Sasa tugeukie maneno. Neno la kimataifa, delirium, limetoka katika Kilatini, ambako lira ni mfuo wa jembe shambani. Aliyepatwa na delirium ametoka kwenye mfuo. Jembe limekwenda upande. Taswira hiyo haisemi lolote kuhusu kelele. Ng'ombe anaweza kutoka kwenye mfuo taratibu kabisa, kimya kimya.

Maneno yetu je? Wafasiri wengi hukimbilia kuweweseka. Ni neno zuri, lakini asili yake ni usingizini: anayeweweseka hutamka maneno akiwa amelala au ameshikwa na homa, akaamka yakaisha. Wengine husema kupayapaya, kupayuka au kubwabwaja. Haya ni maneno ya mdomo, na mgonjwa wetu ana mrija mdomoni; hawezi kupayuka hata akitaka. Maruerue na mauzauza ni mambo ya macho: kuona kisichokuwepo. Kupagawa na kupandisha yanahusisha pepo au mashetani. Kurukwa na akili, wazimu na kichaa ni maneno mazito ambayo yakishamshika mtu hayamwachi, ilhali deliriamu ni hali ya siku chache na kwa wengi hupita.

Tazama orodha hiyo kwa makini, msomaji. Takriban maneno yote yanamzungumzia mtu anayesikika au anayeonekana akifanya kioja. Si kwamba Kiswahili kimekosa maneno ya ukimya. Yapo: kuzubaa, kuduwaa, kupumbaa. Shida ni kwamba tumeyageuza kuwa lawama. Tukisema fulani amezubaa tunamkemea, hatumhurumii. Hakuna muuguzi mwenye adabu atakayeiambia familia kwamba baba yao amezubaa. Basi nafasi hiyo tupu hujazwa na neno la heshima: ametulia.

Hapa pana funzo kutoka kwa wenye taaluma yenyewe. Kipimo kimoja cha kiwango cha uamkaji katika ICU, kilichobuniwa Richmond, Marekani, huanzia +4 kwa mgonjwa mwenye vurugu kali hadi -5 kwa asiyeamka hata akiguswa. Katikati ni sifuri, na maelezo ya sifuri yana sehemu mbili: yu macho, tena ametulia. Sisi tumeichukua sehemu ya pili na kuiacha ya kwanza. Aliyetulia bila kuwa macho yuko chini ya sifuri. Na hata aliye sifuri bado anapaswa kuulizwa maswali, kwa maana macho yanaweza kuwa wazi na fahamu zikawa mbali.

Maswali hayo ndiyo kiini cha kipimo kiitwacho CAM-ICU, kilichochapishwa 2001 na kutafsiriwa katika lugha nyingi duniani. Kilitungwa makusudi kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kuzungumza. Kwanza huulizwa kama akili yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Kisha umakini wake hupimwa: muuguzi humsomea herufi kumi, S-A-V-E-A-H-A-A-R-T, naye aminye mkono wa muuguzi kila asikiapo A. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini umepungua. Hutazamwa pia kiwango chake cha uamkaji, na fikra zake hupimwa kwa maswali ya ndiyo au la: Je, jiwe huelea majini? Je, baharini kuna samaki? Je, ratili moja ina uzito kuliko ratili mbili? Je, nyundo hugongelea msumari? Mwishowe huonyeshwa vidole viwili na kuambiwa aonyeshe idadi hiyo hiyo.

Kwa msomaji wa gazeti hili, huo ni mtihani wa chekechea. Lakini usomee Isiolo. Tuchukulie muuguzi ametoa maagizo kwa Kiswahili, "Minya mkono wangu ukisikia A," kisha akasoma herufi kwa Kiingereza, kama sote tulivyozoea kuchanganya. Mgonjwa aliyefundishwa a, e, i, o, u anangoja sauti "a". Anachosikia ni "ei", tena H nayo inaanza kwa "ei" vilevile. Akikosa kuminya mara nne, ameanguka mtihani wa umakini hali alikuwa makini kupita mpimaji.

Njoo kwa bahari. Mfugaji ambaye hajawahi kuiona akiulizwa kama ina samaki, anaweza kutikisa kichwa kwa uaminifu tu: yeye hajaona, atashuhudiaje? Neno kuelea nalo ni la watu wa maji. Bara wapo wanaoelewa upesi zaidi ukiwauliza kama jiwe linaweza kukaa juu ya maji lisizame. Na ratili imekwisha kuondoka madukani. Kilo ndiyo inayojulikana. Ukimuuliza mzee huyo kama ngamia hutaga mayai, atakujibu mara moja, na pengine akucheke kwa macho. Hapo utakuwa umempima fikra zake, si jiografia yake.

Hata vidole vina lugha. Kidole kinachofuata gumba tunakiita kidole cha shahada, na jina hilo si la bure. Mgonjwa Mwislamu anayekiinua peke yake akiwa amefumba macho huenda anatamka shahada moyoni, kwa kuwa ulimi umezuiwa. Asiyejua ataandika kwamba aliambiwa aonyeshe viwili akaonyesha kimoja.

Lakini hatari kubwa zaidi ni ya baada ya mrija kutoka. Bibi yetu wa Merti anaanza kusema. Amechoka, ana hofu, na mtu aliyechoka hukimbilia lugha ya mamaye. Anazungumza Kiborana. Anaomba maji, anauliza nani anawaangalia mbuzi, anataka kujua jua limefika wapi ili aswali. Kwa asiyeelewa, hayo yote ni sauti zisizo na maana. "Anapayapaya," mmoja anasema, na neno hilo likaingia kwenye faili. Lugha usiyoijua hufanana sana na payo. Kinyume chake pia hutokea: bibi anasema mambo yaliyovurugika kabisa, lakini kwa upole na kwa lugha ambayo hakuna aliyepo anayeielewa, basi wanadhani anasali, wanamwacha. Makosa haya mawili hayafanani matokeo. La kwanza laweza kumletea dawa za usingizi asizozihitaji. La pili humnyima msaada anaouhitaji.

Na msaada upo, ingawa si wa aina ambayo wengi huutarajia. Dawa ya kumeza au kudungwa inayoondoa deliriamu haijapatikana. Utafiti mkubwa wa 2018 ulilinganisha haloperidoli na ziprasidoni na maji ya chumvi matupu, na haukuona tofauti katika siku za deliriamu. Dawa za usingizi za kundi la midazolamu na lorazepamu huongeza uwezekano wa kuipata. Kinachosaidia ni kutafuta chanzo na kukitibu, kupunguza maumivu, kupunguza dawa za usingizi, kumwachisha mashine mapema iwezekanavyo, kumketisha na kumsimamisha akiweza, kumpa usiku wenye giza na mchana wenye mwanga, kumrudishia miwani na vifaa vyake vya kusikilizia. Na kumletea watu wake.

Hapa jamaa wana kazi ambayo mtaalamu hawezi kuifanya. Wao ndio wanaomjua alivyokuwa. Mazungumzo kama haya yana thamani kuliko wengi wanavyodhani:

"Sista, huyu si baba tunayemjua. Jana alitufuata kwa macho, leo hata ukimwita hageuki."

"Lakini ametulia, mama. Hasumbui."

"Ndiyo hasa ninachosema, sista. Yeye si mtu wa kunyamaza."

Muuguzi mzuri ataichukua kauli hiyo kama kipimo. Naye jamaa akiketi kando ya kitanda aseme mambo mepesi kwa lugha ya nyumbani: jina lake, siku ya leo, mahali walipo, kwa nini kuna mrija, adhana ya alasiri imekwisha, mvua imenyesha au bado. Asibishane naye kuhusu wadudu wa ukutani, na asimcheke. Amwambie tu kwamba yuko salama na wao wapo.

Upande wa sheria, msingi umekwisha kuwekwa. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaitaka serikali kukuza lugha za kiasili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa. Kilichobaki ni kazi ya mikono: wauguzi na wanaisimu kuketi pamoja, kutafsiri maswali kwa Kiswahili kinachoeleweka bara na pwani, kisha kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na nyinginezo, kuyarudisha tena katika lugha ya kwanza kuona kama maana imebaki, na kuyajaribu kwa watu wazima wenye afya kabla ya kuyapeleka kwa wagonjwa. Mtu mmoja hawezi kubadilisha maswali usiku wa zamu yake kisha akayaita kipimo. Kwa wasiozoea herufi, ipo njia ya kutumia picha, na hiyo nayo ichorewe vitu vinavyojulikana.

Tunahitaji pia jina. Nami napendekeza tuseme mvurugiko wa fahamu. Halina kelele wala kimya ndani yake; linamhusu anayerusha mikono na anayetazama dari. Halimtaji pepo, halimwiti mtu mwendawazimu. Kitenzi chake, kuvurugika, kinadokeza jambo ambalo linaweza kupangwa upya, kama maji ya kisima yaliyovurugwa ambayo baadaye hutuama.

Suala la jina si la kupamba kamusi tu. Wengi waliopona huondoka ICU na kumbukumbu za ajabu: kwamba wauguzi walitaka kuwaua, kwamba walifungwa gerezani, kwamba maiti zilikuwa zikizungumza nao. Wengine huzificha kumbukumbu hizo kwa miaka, maana wanaogopa kuambiwa waliingiwa na kichaa. Katika mji mdogo, neno hilo humfuata mzee hadi kwenye baraza la wazee, na binti hadi siku ya kuposwa. Aliyeambiwa mapema kwamba alipatwa na mvurugiko wa fahamu, kwamba huwapata wengi walio kwenye vipumulio, na kwamba si aibu yake wala ya ukoo wake, atakuwa na la kusema akiulizwa yaliyompata. Atakuwa na ujasiri pia wa kurudi kliniki na kusema kwamba tangu atoke hospitalini, hesabu za dukani zinampiga chenga.